Kuamka si Deni

Kuna sentensi moja ya Kifaransa ambayo kila anayeanza kujifunza lugha hiyo huku pwani na visiwani hukutana nayo mapema: "Je dois me lever à six heures." Huandikwa ubaoni, husomwa kwa pamoja, hunakiliwa daftarini, kisha hufuatwa na ndugu zake: "je dois me laver", "je dois m'habiller", "je dois prendre le petit déjeuner", "je dois aller à l'école". Somo lenyewe huitwa siku yangu, na lengo lake ni kumfundisha mwanafunzi vitenzi ambavyo wanasarufi huviita modali, yaani devoir, pouvoir na vouloir, pamoja na savoir na falloir, kwa kuvitia ndani ya mambo ayafanyayo tangu asubuhi hadi usiku. Mwanafunzi hupewa alama zote. Hana kosa la tahajia, hana kosa la mnyambuliko. Kosa alilonalo ni kubwa kuliko hayo, wala halisahihishwi na mtu: amesema uongo juu ya siku yake.

Nani aliyemwambia kijana huyo kwamba kuamka ni deni? Mfaransa akiulizwa siku yake inavyokwenda hajibu hivyo. Husema "je me lève à six heures, je prends mon café, je pars à sept heures", akaishia hapo. Kitenzi kimo katika wakati uliopo, kimesimama peke yake, hakikuegemea kitenzi kingine. Mazoea hayahitaji msimamizi. Naye Mswahili hufanya vivyo hivyo, tena kwa ufasaha zaidi, maana lugha yake imempa kiambishi hu-, kisichojali nafsi wala wakati, ambacho kazi yake ni hiyo tu: huamka, huoga, hunywa chai, huenda zake kazini. (Kwamba saa sita ya asubuhi ya Mfaransa ni saa kumi na mbili ya Mswahili ni jambo ambalo vitabu hulipita kimya, na si ajabu kumkuta mwanafunzi aliyefasiri saa yake neno kwa neno, akaamka "à douze heures", yaani adhuhuri.)

Asemaye "je dois me lever à six heures" amesema jambo jingine kabisa. Masikio ya msikilizaji yamekwisha kusimama. Kuna nini kesho? Ni safari? Ni hospitali? Mwajiri mpya mkali? Kitenzi kile kimeleta habari kwamba pana nguvu iliyo nje ya msemaji, inayomvuta kitandani, na adabu ya mazungumzo inadai nguvu hiyo itajwe. Isipotajwa, na badala yake yakafuata madeni mengine manne ya kuoga na kuvaa, msikilizaji ataamua kwamba huyu ama analalamika ama ni mfungwa. Mwanaisimu wa Geneva, Charles Bally, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alitenga ndani ya sentensi mambo mawili: kile kinachosemwa, na msimamo wa anayesema juu ya hicho anachokisema. Vitenzi modali vyote ni watumishi wa jambo la pili. Kumpa mwanafunzi vitenzi hivyo bila kumwuliza msimamo wake ni kumvika joho la kadhi na kumpeleka sokoni kununua mchicha.

Wapo wenye kulitetea somo hili, na hoja yao si ya kudharauliwa. Wanasema kwamba vitenzi vya Kifaransa ni vigumu, kwamba aller na faire na prendre hugeuka kila nafsi, na kwamba mwanafunzi akishakariri "je dois" anaweza kuvifunga vitenzi vyote vya dunia nyuma yake bila kuvinyambua: je dois aller, je dois faire, je dois prendre. Ni kweli. Ni njia ya mkato na ni njia nyepesi. Lakini aliyemfundisha mtoto kutembea kwa magongo ili asianguke hana haki ya kushangaa mtoto akikua na magongo yake. Kwa miaka mingi baadaye mtu huyo, akiwa msimamizi wa hoteli au mtembeza wageni wa Mji Mkongwe, ataendelea kuwaeleza Wafaransa maisha ya kisiwa kizima kwa kitenzi cha kudaiwa: wavuvi wanadaiwa kwenda baharini, akina mama wanadaiwa kukuna nazi. Mgeni atarudi kwao akiamini kwamba amezuru kambi ya kazi.

Neno hili "deni" halikutumiwa hapa kwa mapambo. Devoir kimetokana na Kilatini debere, nacho kimeundwa na maneno yenye maana ya kuwa na kitu kilichotoka kwa mwingine. Mpaka leo "je te dois dix euros" ni "nadaiwa nawe euro kumi", pasina istiara yoyote. Kitenzi hicho kikigeuzwa jina kinakuwa wajibu, na ni juu ya wajibu huo, ukipambana na mapenzi, Corneille alipojenga tamthilia yake ya Le Cid mwaka 1637. Wanamapinduzi walipoandika katiba yao ya mwaka 1795 hawakuridhika tena kutangaza haki za binadamu na raia kama mwaka 1789. Waliongeza na wajibu wake, kwa neno lile lile. Kwa wingi, "les devoirs" ni kazi za shule ambazo mtoto huzichukua nyumbani, na inafaa kukumbushwa kwamba waraka wa wizara ya elimu ya Ufaransa wa Desemba 1956 ulikataza kazi hizo za kuandika nyumbani kwa watoto wa shule za msingi, ingawa wazazi na walimu wameendelea kuupuuza hadi leo. Neno lenye uzito wa fedha, heshima na sheria ndilo linalotumiwa kupigia mswaki.

Kiswahili kinalo neno linalolingana nalo, na ni ajabu kwamba halitajwi darasani. Ni kuwiwa. Awiwaye ni mwenye deni, na msemaji anayesimama jukwaani na kusema "nawiwa kutoa shukrani" ameligeuza deni la mali kuwa deni la moyo, kwa hatua ile ile iliyopigwa na Kilatini kuelekea Kifaransa. Mwanafunzi angeambiwa kwamba devoir ni kuwiwa, asingehitaji kuonywa tena. Nani angethubutu kusema "nawiwa kuamka saa kumi na mbili, nawiwa kuvaa viatu"? Darasa zima lingecheka, na kicheko hicho kingekuwa somo.

Badala yake hupewa "lazima", na kwa hilo huingizwa katika mtego wa pili. "Il doit dormir" ina maana mbili zisizohusiana. Inaweza kuwa amri ya daktari: lazima alale. Inaweza pia kuwa kisio la jirani aliyeona taa zimezimwa: bila shaka amelala, atakuwa amelala. Mfaransa hutambua kwa mahali na kwa sauti. Kiswahili, kinyume chake, kimezitenga maana hizo kwa maumbo tofauti, na msemaji wake hakosei. Antoine de Rivarol aliandika mwaka 1784 insha iliyotuzwa na Akademi ya Berlin, akaisifu lugha yake kwa uwazi unaozipita lugha nyingine zote, na tangu siku hizo sifa hiyo imesafiri na kila jahazi lililobeba vitabu vya Kifaransa. Wapo walimu wanaoirudia mpaka leo mbele ya watoto ambao lugha yao, katika jambo hili moja walau, ni wazi kuliko ya Rivarol.

Kwa upande wa falloir hali ni ya kusikitisha zaidi, kwa sababu hapo ndipo lugha mbili hizi zinapokaribiana mno, na hapo ndipo somo linapopita mbio. Katika mazungumzo ya kawaida Mfaransa husema "il faut" mara nyingi kuliko "je dois". Kitenzi hiki ni cha peke yake: hakina mimi, hakina wewe, hakina wao. Hiyo "il" iliyotangulia si mtu wala kitu. Asili yake ni Kilatini fallere, kudanganya na kukosa, na maana yake ya kale ilikuwa kukosekana, ndiyo maana hadi leo "il me faut du pain" ni kuhitaji mkate, yaani mkate umekosekana kwangu. Kuna pungufu, na pungufu hilo ndilo linaloamuru. Sasa mtu aliyekulia katika Kiswahili na alitazame neno budi. Limetoka Kiarabu, na halikaribii sentensi ila limeshikwa mkono na ukanushi: hapana budi, sina budi, hamna budi. Maana yake ni njia ya kuepukia. Mfaransa anasema kitu kimekosekana; Mswahili anasema pa kukwepea pamekosekana. Wote wawili wameieleza lazima kwa kutaja kutokuwapo kwa kitu, na wote wawili wamemwondoa bwana mwenye kuamuru.

Ufanani hauishii kwenye maana. "Il faut que je me lève", husema Mfaransa, na kitenzi cha pili hubadilika umbo kuingia katika hali ile ambayo wanafunzi wa Ulaya huiogopa kama jini. "Hapana budi niamke", "inanibidi niamke", "yanipasa niamke", husema Mswahili, na kitenzi chake kinakwisha kwa -e. Ni jengo lile lile, mlango kwa mlango. Mtoto wa Makunduchi amelitumia umbo hilo tangu alipotumwa dukani kwa mara ya kwanza. Hata hivyo vitabu humwekea "il faut que" mpaka mwaka wa pili au wa tatu, eti ni jambo gumu. Gumu kwa nani? Kwa Mwingereza, ambaye umbo hilo limebaki katika lugha yake kama masalio. Mwongozo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, ulioupanga ujuzi wa lugha katika ngazi sita kutoka A1 hadi C2, haukuagiza kwamba Kifaransa kifunzwe kwa mpangilio huo mmoja kila mahali. Ni desturi ya wachapaji, na uvivu wa wanunuzi. Kwa nini umri wa kisarufi wa mtoto wa Makunduchi upimwe kwa kipimo cha mtoto wa Manchester?

Na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote huu. Kifaransa hakiwafikii Waswahili wengi moja kwa moja. Hufika kikiwa kimepitia mikononi mwa dalali, na dalali ni Kiingereza: maelezo ya kitabu kwa Kiingereza, kamusi ya Kiingereza, mwalimu aliyefunzwa kwa Kiingereza. Kila bidhaa inayopita hapo hukatwa ushuru. Kiingereza kina neno moja fupi la kuweza, ambalo humeza kuweza kwa mwili na kuweza kwa elimu. Kifaransa hukataa mchanganyiko huo, kikasema "je sais nager" kwa aliyejifunza kuogelea na "je peux nager" kwa aliyeruhusiwa leo na hali ya bahari. Mswahili husema najua kuogelea, najua kupika, anajua kusoma. Yuko upande wa Kifaransa tangu kuzaliwa kwake. Lakini pitia daftari za wanafunzi wa pwani, watoto wa wavuvi, uone ilivyojaa "je peux nager" palipohitajiwa "je sais nager". Wamefundishwa kusahau wanachokijua ili wakosee kama wageni.

Haki inadai kusema kwamba yapo makosa ambayo dalali hana lawama nayo, bali ni ya nyumbani. Mwanafunzi wa Kiswahili husema "je dois se laver", "nous devons se lever", na mwalimu hukasirika, husahihisha kwa wino mwekundu, na wiki ijayo hukuta vile vile. Hajiulizi kosa limetoka wapi. Limetoka kwenye -ji-. Katika najiosha, unajiosha, tunajiosha, kiambishi hicho hakigeuki kwa nafsi yoyote, na mwanafunzi, kwa akili nzuri kabisa, amelichukulia "se" la Kifaransa kuwa ndilo -ji- lake. Dakika tano za kumweleza kwamba Kifaransa hukigeuza kipande hicho kulingana na nafsi, "je dois me laver, tu dois te laver, nous devons nous laver", zingemaliza kazi ya muhula mzima wa wino.

Kosa zito zaidi, hata hivyo, lenye kuweza kumponza mtu, ni la ukanushi, na katika somo la siku yangu hutajwa kwa mstari mmoja au halitajwi kabisa.

Jumapili hakuna shule. Mwanafunzi anataka kusema si lazima aamke mapema. Anavyo vipande vyote: "je dois me lever tôt" anaijua, na namna ya kukanusha anaijua. Anaviunga: "je ne dois pas me lever tôt le dimanche." Sarufi haina dosari. Ila alichokisema, kwa jinsi Kifaransa kinavyosikiwa kwa kawaida, ni kwamba amekatazwa kuamka mapema. Kikanushi hakikuiondoa lazima. Kimeivuka na kukitia pingu kitendo chenyewe. Vivyo hivyo "il ne faut pas". Maneno yenyewe, ukiyapanga kimantiki, yangepaswa kumaanisha kwamba si lazima, lakini karne nyingi za matumizi zimeyafanya kuwa makatazo: usifanye. Anayetaka kusema si lazima hana budi kushika njia nyingine, "je ne suis pas obligé de me lever tôt", au "je n'ai pas besoin de me lever tôt".

Itazamwe sasa sentensi hiyo ikitoka darasani na kuingia duniani. Msimamizi mwenye asili ya pwani anamwambia mfanyakazi wa Kifaransa "vous ne devez pas venir demain", akikusudia kumpumzisha; mwenzake anasikia kwamba amezuiwa kufika kazini, na anaanza kujiuliza amekosa nini. Mgonjwa anaambiwa na daktari "il ne faut pas prendre ce comprimé le matin", naye anaelewa kwamba si lazima kukimeza kidonge asubuhi ila akipenda anaweza. Hapo si suala la alama tena. Huko Komoro, ambako Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kiarabu na Shikomori, ndugu wa damu wa Kiswahili, watoto husomeshwa masomo mengine kwa lugha hiyo hiyo, na mtoto aliyepewa devoir bila kupewa ukanushi wake hubeba utata huo hadi kwenye hesabu na sayansi.

La kuudhi ni kwamba pambanuo lenyewe si geni kwa mtoto huyo. "Si lazima niamke" na "nisiamke" ni sentensi mbili ambazo hata wa darasa la kwanza hazichanganyi. Yeye analo, alichokosa ni onyo tu kwamba Kifaransa hulikata pambanuo hilo mahali pengine. Tena mtoto wa pwani amekwenda chuoni kabla ya kwenda shule, na huko alifunzwa kwamba matendo ya mtu hayagawanyiki katika lazima na isiyo lazima tu. Kuna faradhi, kuna sunna, kuna mubaha, kuna makuruhi, kuna haramu. Siku yake halisi, kuanzia alfajiri hadi isha, imepangwa kwa ngazi hizo tano: swala zenyewe za faradhi, rakaa za sunna zinazozitangulia, kulala mchana kwa anayetaka, na mengine ambayo ni bora kuyaacha. Mwanafunzi wa namna hiyo amekaa mbele ya mwalimu akiwa na mizani nyepesi ya dhahabu, na mwalimu anampa jiwe la kupimia magunia. "Il faut", "on devrait", "on peut", "il vaut mieux ne pas", "il ne faut pas": Kifaransa nacho kina ngazi, ingawa hazilingani moja kwa moja na zile za fikihi, na umbo la "devrait" pale katikati, lenye upole wa ushauri, lingeeleweka papo hapo na mtu anayejua tofauti ya faradhi na sunna. Badala ya ngazi hizo, huwekewa jedwali la je dois, tu dois, il doit, nous devons, akaambiwa alikariri.

Kuhusu vouloir, vitabu vimejirekebisha kidogo, kwa sababu wahudumu wa mikahawa ya Paris hawakuwaacha watalii wapumzike. Kila kitabu sasa humwonya msomaji asiseme "je veux un café" bali "je voudrais". Onyo hilo ni jema, ila hutolewa kana kwamba ni siri ya ustaarabu wa Wafaransa, mtoto wa Kiswahili akiwa amekaa pale anasikiliza. Huyu ambaye angemwambia bibi yake "nataka chai" angetazamwa kwa jicho ambalo asingelisahau! Naomba chai, husema, na wala hakufunzwa hilo na mhudumu wa mkahawa. Lililohitaji kufunzwa ni lile lisilotabirika: kwamba mtu akikaribishwa kahawa na kujibu "je veux bien", ingawa ameongeza neno bien, amepunguza makali ya kutaka kwake, ni kama kusema haya, sitakataa. Na kwamba "veuillez", amri ya kutaka, ndiyo iliyopakwa adabu zote za matangazo ya vituo vya treni. Kutaka kwa Kifaransa kuna tabaka nyingi, na somo la siku yangu hutoa moja tu, nayo ni "je veux dormir", mwisho wa siku, baada ya madeni yote kulipwa.

Yumkini mtu atasema kwamba haya ni mambo ya walimu, hayawahusu wapenzi wa mashairi. La hasha. Wafaransa wenyewe wameifanya siku ya kawaida kuwa mali ya fasihi. Raymond Queneau mwaka 1947 alichukua kisa kidogo cha ugomvi ndani ya basi la Paris akakisimulia kwa namna 99. Georges Perec, katika Un homme qui dort ya mwaka 1967, alimweka mwanafunzi mmoja katika chumba kidogo cha Paris, ambaye asubuhi ya mtihani haamki. Hakuugua, hakuzuiwa. Kutaka kwenyewe kumekauka ndani yake, na kitabu kizima, kinachomsemesha kwa nafsi ya pili, ni historia ya siku zinazoendelea bila kutaka wala kuwiwa. Msomaji aliyefunzwa kwamba "je dois me lever" ni namna ya kawaida ya kueleza asubuhi atakipokeaje kitabu hicho? Kishindo chake chote kimo katika kuondoka kwa kitenzi ambacho yeye amezoea kukiona kila mahali, kama mtu asiyeisikia saa ya ukutani ikisimama kwa kuwa nyumba yake imejaa saa.

Na wafasiri ndio wanaolipa gharama ya mwisho. Paul Valéry alizaliwa Sète, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1945, katika makaburi yanayoitazama bahari, yale yale aliyoyatungia Le Cimetière marin mwaka 1920. Ni shairi la beti 24, kila ubeti mishororo sita, kila mshororo mizani kumi, jengo ambalo mpenzi wa tungo za pwani hawezi kuliona geni. Katika mshororo wa kwanza wa ubeti wa mwisho vimekutana vitenzi viwili ambavyo kila mwanafunzi huvipata katika somo la siku yangu: se lever na falloir. Cha kwanza kimepewa upepo. Cha pili, kama ilivyo desturi yake, hakikupewa mtu.

Mfasiri aliyelelewa na somo lile ataandika "lazima" bila kufikiri, maana ndivyo alivyokariri. Lakini lazima ya Kiswahili cha leo ina harufu ya ofisi: ni neno la matangazo ya ukutani, la ada, la sare, na nyuma yake husimama mwenye mamlaka. Katika makaburi yale hakuna mwenye mamlaka. Kuna bahari, jua la adhuhuri, wafu, na mtu mmoja aliye hai ambaye baada ya beti 23 za kutafakari anagundua kwamba njia ya kukwepa uhai haipo. Neno la hali hiyo Kiswahili kinalo, lenye silabi tano tu, linaingia ndani ya mizani kumi na kuacha nafasi ya pumzi: hapana budi.